Dawa ya matone: maswali ya mbwa, paka na kuku

Tangu mvua za masika zikatike, simu yangu ni kupe na viroboto tu. Kwa hiyo mwezi huu maswali ya ng'ombe nimeyaweka pembeni (watu wa Handeni mtanisamehe, zamu yenu haijapotea) nijibu ya mbwa na paka, hasa kuhusu dawa ya matone: ile inayokuja kwenye kichupa laini cha plastiki, unavunja ncha na kumdondoshea mnyama mgongoni. Majina ya dawa nimeyaandika kwa Kiswahili. Ukiyatafuta kwenye boksi, ondoa "i" ya mwisho, na usishtuke ukikuta "c" palipo na "k".

*Shikamoo daktari. Tuna mbwa mmoja, na tulikuwa na paka, Nyota. Wiki mbili zilizopita mume wangu alinunua dawa ya matone ya mbwa. Alimwekea mbwa, yaliyobaki akamdondoshea Nyota maana naye alikuwa anajikuna. Jioni Nyota akaanza kuchezesha masikio, halafu akatetemeka mwili mzima huku anatoka mate. Tulimnywesha maziwa. Usiku wa manane akafa. Aliyetuuzia anasema dawa haina shida, paka atakuwa amekula sumu ya panya. Ni kweli?*
*Mama Nyota, Chumbageni*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Sikumwona Nyota akiwa hai, na zipo sumu za panya zinazoua haraka, kwa hiyo siapi. Lakini picha ya boksi uliyonitumia naisoma vizuri: permethrini, na pembeni kuna mchoro wa paka aliyepigwa mstari. Mchoro wenyewe ni mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Masikio kuchezacheza, mate, mtetemeko unaoanza saa chache baada ya kudondoshewa: permethrini humshika paka hivyohivyo.

Hii ni dawa ya kiwandani iliyoiga sumu ya ua la pareto, lile linalolimwa nyanda za juu huko Iringa na Mbeya. Hata vyandarua vingine vyenye dawa vimewekewa hiyohiyo, ndiyo maana watu huiona haina madhara. Tofauti ni kipimo. Kwenye uzi wa chandarua iko kama asilimia 2. Kwenye kichupa cha mbwa mkubwa huwa asilimia 45 hadi 65, tena ndani ya kimiminika kilichotengenezwa ili kisambae kwenye ngozi. Ini la mbwa huivunjavunja na kuitoa. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya cha kufanya kazi hiyo, na ni upungufu huohuo unaofanya kidonge kimoja cha parasetamoli kitoshe kumuua. Kwa hiyo sumu inabaki inazunguka, inachezea mishipa ya fahamu, na misuli haipumziki.

Maziwa hayakumuua Nyota, usijilaumu kwa hilo, ila hayakuweza kumsaidia. Sumu ilipitia ngozini. Na mnyama anayetetemeka ukimnywesha chochote, kinaweza kumpalia kikaingia mapafuni.

Nami sina mdomo wa kumlaumu mumeo. Mwaka wangu wa tatu kazini, cheti cha Chuo Kikuu cha Sokoine bado kinanukia wino, nilimwekea mbwa wa kaka yangu matone ya permethrini saa kumi jioni nikaenda zangu kupika. Paka wa nyumbani, Karafuu, alikuwa na tabia ya kulala juu ya mgongo wa yule mbwa kama yuko kwenye zulia. Sikumwekea tone hata moja. Saa tatu usiku nikamwona amesimama mlangoni, ngozi ya mgongo inacheza kama ya punda anayefukuza nzi. Mimi, daktari, nilikaa kama dakika tano najiuliza paka amekula nini.

Nilichofanya baadaye ndicho ninachowaelekeza ninyi. Nilimtia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, si ya moto, maana maji ya moto huharakisha dawa kupenya. Nikamwosha kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile inayokata mafuta, nikasuuza, nikarudia. Nikamkausha, nikamviringisha kwenye kanga asipate baridi, tukaenda hospitali ya wanyama usiku uleule. Akapewa dawa ya kulegeza misuli na dripu. Siku ya tatu akaomba dagaa. Wengi hupona wakiwahiwa, lakini kuwahiwa kwenyewe ni kule kuosha nyumbani na safari ya usiku huohuo. Ukisubiri kuche, mara nyingi umechelewa.

Mkipata paka mwingine, tafuta boksi lenye picha ya paka na kilo zake: ipo fipronili ya paka, ipo selamektini. Na mbwa akiwekewa dawa yenye permethrini, paka alale chumba kingine mpaka mgongo wa mbwa ukauke kabisa. Mimi huwatenga siku mbili. Kama hawaachani hata kwa fimbo, kama Karafuu na mwenzake, basi permethrini isiingie nyumba hiyo.

*Habari za kazi daktari. Mbwa wangu Jeki namwekea matone ya fipronili kila mwezi, huu wa tatu. Ijumaa nimeweka, Jumapili nimemkuta na kupe wanane, masikioni na katikati ya vidole. Hizi dawa zimechakachuliwa?*
*Mwenye Jeki, Raskazone*

Nzuri kaka. Feki zipo, lakini kabla hujaenda kugombana na muuza duka, nisikilize. Kwa kuwa kwako ni njiani kwangu, nilipita Jumanne ukiwa kazini, kijana wako akanifungulia.

Fipronili haimfukuzi kupe. Inakaa kwenye mafuta ya ngozi na kwenye vifuko vinavyotoa mafuta hayo. Kupe anapanda, anagusana nayo, anakufa, na inaweza kuchukua hadi saa 48. Kwa hiyo wanane wa Jumapili si lazima wawe ushahidi wa dawa mbovu. Niliwakuta wanne bado: wawili wamekauka kama ganda la choroko, wawili wazima.

Hao wawili ndio walionipeleka kwenye banda. Banda lako ni la mabanzi na makuti. Nilichomeka ncha ya kisu kwenye mwanya wa banzi la pili kutoka chini, likadondoka jike lililoshiba, la kijivu, kubwa kama punje ya mbarika, na nyuma yake rundo la mayai ya rangi ya kahawia. Kupe wa mbwa hakai juu ya mbwa maisha yake yote. Ananyonya akiwa kinda, anashuka kujibadilisha ukutani. Anapanda tena, anashuka tena. Anapanda mara ya tatu akiwa mkubwa, na jike likishashiba linashuka kutaga mayai kwa maelfu. Jeki ni hoteli tu, nyumbani kwao ni kwenye banzi. Ndiyo maana kila mwezi unaua wageni na wenyeji wanazaliana.

Ng'oa yale mabanzi. Jenga kwa tofali na upige lipu hadi juu, au walau ziba nyufa zote kwa saruji. Banda jipya likiwa tupu, lipulizie dawa ya kupe ya mazingira, likauke, ndipo Jeki arudi. Rudia baada ya wiki mbili tatu kwa wale watakaoanguliwa. Endelea na matone kila mwezi, usiruke, maana mbwa mwenye dawa anayelala kwenye banda ni mtego: kila kupe anayempanda hafiki kutaga.

Jambo la pili kijana wako alilisema mwenyewe huku anacheka: kila Jumamosi humpeleka Jeki kuogelea baharini. Dawa ya Ijumaa, bahari ya Jumamosi. Matone haya yanataka saa 48 bila maji kabla na saa 48 baada, ili yasambae kutoka mabegani hadi mkiani. Na alinionyesha anavyoweka: anayamimina juu ya manyoya kama mtu anayetia mafuta kwenye kachumbari. Gawa manyoya kwa vidole vya mkono wa kushoto, katikati ya mabega, mpaka uione ngozi. Gusisha ncha ya kichupa kwenye ngozi, kamua hadi mwisho, achia. Usisugue. Mbwa mkubwa kama Jeki unaweza kuweka sehemu mbili tatu kwenye mstari wa uti wa mgongo. Manyoya yakibaki na alama ya unyevu kwa siku moja, hakuna shida.

*Daktari, dawa ya matone ni bei. Mimi nina ng'ombe, dawa ya kuogeshea ipo na ya sindano ipo. Kwa nini nisiwape mbwa hizohizo kidogo?*
*Mfugaji, Pongwe*

"Kidogo" ndilo neno linalonitisha. Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi hutumika kwa mbwa pia, hilo kweli, lakini kwa kipimo chake cha maji na chini ya daktari. Ikizidi, mbwa analegea, moyo unapungua kasi, sukari ya damu inapanda. Vitoto visioshwe nayo, na paka kamwe. Zile za kumwagia ng'ombe mgongoni nyingi ni ndugu wa permethrini, na kipimo chake kimepigiwa hesabu ya ng'ombe wa kilo mia tatu. Mkono ukiteleza kidogo juu ya mbwa wa kilo kumi, umeshampa dozi ya ndama.

Sindano ya ivermektini ya ng'ombe ndiyo nabisha nayo zaidi. Kuna mbwa wenye kasoro ya kurithi, hasa ukoo wa koli na mbwa wa kuchunga kondoo, ambao dawa hiyo huingia hadi kwenye ubongo. Utasema mbwa wako si koli. Mbwa wa Pongwe babu yake nani anamjua?

Lete chupa zako kliniki, tuzisome pamoja, tuone ipi inafaa na kwa kiasi gani. Kusoma hatutozi.

*Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nina mbwa sita wadogo, kila mmoja chini ya kilo 10. Kichupa cha fipronili cha mbwa wa kilo 40 hadi 60 kina mililita 4.02. Cha mbwa mdogo kina 0.67. Ukigawa 4.02 kwa sita unapata 0.67 kamili. Hesabu yangu ina kosa gani?*
*Mwalimu, Muheza*

Hesabu yako haina kosa hata kidogo, Mwalimu, na waliotengeneza vichupa walipiga hiyohiyo. Kosa liko kwenye mkono na kwenye masikio ya watu. Ukishavunja ncha, dawa haitunziki. Utavuta kwa bomba la sindano, kidogo kitabaki kwenye bomba, wa kwanza atapata zaidi na wa sita atapata harufu. Hilo tungeweza kuvumilia.

Nisiloweza ni kuandika hapa "gaweni", kwa sababu msomaji mwingine atagawa kichupa chenye dawa mbili ndani, mojawapo permethrini, na mgawo wa saba utamwendea paka. Barua ya kwanza umeisoma.

Ninachokushauri: wapime kweli. Simama kwenye mizani, soma. Mbebe mbwa, soma tena, toa. (Uzito wangu nautumia kila siku kwa kazi hii na sijawahi kumwambia mtu.) Na kama mfuko haufiki wote sita, usipunguze dozi ya kila mmoja. Anza na wanaolala ndani, wa nje wachane kwa chanuo la meno ya karibu, na nguvu zako ziweke kwenye banda kama nilivyomwambia mwenye Jeki.

*Viroboto wamejishika pembeni ya masikio na macho ya vitoto vya mbwa kama punje za ulezi, hawaruki hata ukiwagusa. Kuku nao wanao kwenye vishungi. Nimebakiwa na dawa ya matone ya fipronili, niwadondoshee kuku?*
*Msomaji, Korogwe*

Usithubutu. Hao ni viroboto wa kuku. Jike huzamisha mdomo kwenye ngozi na kubaki palepale, na vitoto vinavyolala karibu na banda la kuku ndio majirani wa kwanza kuvamiwa.

Lakini kuku tunakula mayai yake. Mwaka 2017 huko Uholanzi na Ubelgiji, fipronili ilitumika kwenye mabanda kupambana na utitiri, ikakutwa kwenye mayai, na mayai kwa mamilioni yakaondolewa sokoni. Hiyo ndiyo dawa uliyonayo mkononi. Kuku wanunulie dawa iliyoandikwa kuku na yenye siku za kusubiri kabla ya kula mayai. Fagia banda hadi kwenye udongo mgumu na uchome takataka zake.

Vitoto wa mbwa, kama hawajafikisha wiki nane, tumia kibano: mpake kiroboto mafuta ya mgando, subiri dakika chache, mng'oe taratibu. Karibu na jicho niachie mimi. Wahamishe mbali na kuku. Na kama una sungura pale nyumbani, fipronili isimguse hata kwa bahati mbaya. Inamuua.

*Assalaam alaykum daktari. Nina mbwa wa ulinzi, anakaa nje na mlinzi ndiye anamhudumia. Mlinzi akiwa likizo nani aweke dawa? Mimi Muislamu, sitaki kumgusa.*
*Mzee, Ngamiani*

Wa alaykum salaam, shikamoo mzee wangu. Kuosha najisi ya mbwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kunahitajika lini na hakuhitajiki lini, hilo la sheikh wako, mimi nitaishia kwenye dawa. Glavu za mpira vaa kwa vyovyote vile, na mlinzi pia avae, maana dawa hii hatuitaki kwenye ngozi ya binadamu. Au panga tarehe kabla ya likizo yake: ukiwekea leo, mlinzi akaenda siku ishirini, atarudi kabla mwezi haujaisha. Wajukuu wasimshike mbwa mpaka akauke, na kichupa kitupu kisitupwe kwenye kisima wala mfereji. Kinaua samaki na wadudu wa majini.

*Hujambo daktari. Paka ameniletea watoto wanne chini ya kitanda, wana wiki tano. Viroboto wamewajaa mpaka tumboni, na mmoja amezubaa, hanyonyi. Boksi la dawa linasema kuanzia wiki nane. Nisubiri?*
*Binti, Mabawa*

Usisubiri, na dawa usiweke. Huyo aliyezubaa, mfungue mdomo sasa hivi uangalie fizi. Zikiwa nyekundu kama zako, una muda. Zikiwa nyeupe kama karatasi, viroboto wamemmaliza damu, mlete leo, usipange kesho.

Wengine waoshe mmojammoja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo. Anza kwa kuzungusha povu shingoni, maana viroboto wakihisi maji hukimbilia usoni. Suuza, kausha kwa taulo, kisha chana kwa chanuo la chawa. Weka pembeni bakuli la maji ya sabuni na kila unayemnasa mchovye humo. Ukimwachia sakafuni amekushinda. Utaona pia vumbi jeusi kwenye chanuo. Liweke juu ya karatasi nyeupe yenye maji, litatoa rangi ya kutu: ni damu ya hao watoto, imepitia tumboni mwa kiroboto. Chana kila siku, hata mara mbili.

Mama yao, huyo ndiye wa dawa. Ipo selamektini ambayo paka anayenyonyesha anaweza kuwekewa, shingoni chini ya kisogo, mahali ulimi wake haufiki. Akijilamba atatoa povu kwa ule uchungu, mpe maji, litakwisha. Watenge na mama yao mpaka pakauke, kama saa mbili.

Halafu chini ya kitanda. Kiroboto mmoja jike anaweza kutaga mayai arobaini, hamsini kwa siku, na hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka kama chumvi. Kwa hiyo wale unaowaona ni wachache, wengi wako kwenye mkeka, kwenye nyufa za sakafu na kwenye ile kanga uliyowatandikia. Kanga ichemshe. Mkeka uanike juani siku nzima na uukung'ute mbali na nyumba. Fagia kila siku hadi kwenye kona. Wengine watabaki kwenye vifuko vyao kwa wiki kadhaa wakisubiri mtikisiko wa miguu, kwa hiyo ukiona wapya mwezi ujao usidhani dawa ya mama imeshindwa. Mwekee miezi mitatu mfululizo.

Wakifikisha wiki nane waweke wote kwenye kapu moja uwalete niwapime. Kapu nalipima tupu kwanza.